Kubadili ulaji ili mwili upate nguvu: anza kwa kuongeza, kupunguza kutafuata

#1 MzaniWaJikoni

Wakuu, mada ya kubadili ulaji ikiletwa, maswali huwa yaleyale: niache nini? Niache wanga? Niache sukari? Nisile usiku? Uzi huu unaanzia upande wa pili.

Anayeacha vitu vitano Jumatatu huwa hoi ifikapo Alhamisi, na mara nyingi tatizo si uvivu. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kwa umbo la glikojeni, na kila gramu ya glikojeni hukaa na takribani gramu 3 za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba hiyo inatumika na maji yake yanatoka. Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, nayo inashuka, figo zinamwaga chumvi zaidi kwenye mkojo, na hapo ndipo kizunguzungu cha kusimama ghafla kinapoanza. Mzani unashuka kilo moja au mbili kwa siku chache, mtu anashangilia, lakini sehemu kubwa ya hicho kilichotoka ni maji. Akiwa ameacha na kahawa wiki hiyohiyo, kichwa kinamuuma juu ya yote. Siku ya tano anarudi alikotoka na kusema "mwili wangu haukubali".

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza usiondoe kitu. Ongeza viwili tu.

Cha kwanza ni protini kwenye mlo wa kwanza wa siku, gramu 20 hadi 25. Kiwango cha chini kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, yaani mwenye kilo 70 anahitaji 56 kwa siku. Waliovuka miaka 65 wanashauriwa kufika 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, kwa sababu misuli yao inapungua haraka zaidi. Shida kubwa ni mgawanyo: asubuhi vipande viwili vya mkate na chai, gramu kama 5, mchana 15, usiku nyama tele. Wenye njaa kali saa 4 asubuhi wengi wao wamekula hivyo.

Hesabu za kukariri:
- yai moja: 6 g
- maziwa kikombe (ml 250): 8 g
- mtindi usio na sukari, g 200: kama 7 g
- maharage yaliyopikwa, g 100: 8 hadi 9 g
- samaki aliyepikwa, g 100: 20 hadi 25 g
- kidari cha kuku kilichopikwa, g 100: kama 30 g
- karanga, g 30 (kiganja kidogo): 7 hadi 8 g

Mayai mawili na kikombe cha maziwa, 20. Kikombe cha maharage na yai moja, 21. Hakuna unga wa kopo unaohitajika hapo.

Cha pili ni mboga na jamii ya kunde kwenye mlo mkubwa wa siku. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na nyuzinyuzi angalau gramu 25. Viazi hazihesabiwi kwenye hizo 400, kabla hamjauliza.

Wiki ya tatu ndipo tunagusa sukari ya kunywa. Ya nne, nafaka zilizokobolewa. Badiliko moja kwa wakati, la sivyo hutajua lipi limekusaidia na lipi limekuvuruga tumbo.

#2 Kijiko3

Mzani, nimekusoma. Lakini kinachowaleta watu wengi kwenye mada kama hii ni ule usingizi wa baada ya mlo wa mchana. Protini ya asubuhi inausaidiaje?

#3 MzaniWaJikoni

Inasaidia kwa sehemu tu. Usingizi wa mchana una vyanzo viwili na watu wanavichanganya.

Kimoja ni saa ya mwili. Kati ya saa 7 mchana na saa 10 jioni umakini hushuka kidogo hata kwa asiyekula chochote. Kama usiku ulilala kwa saa 5 tu, mshuko huo unakuwa shimo. Chakula hakiwezi kuufuta.

Cha pili ni ukubwa na muundo wa mlo. Sahani iliyojaa wali mweupe na mchuzi kidogo hupandisha sukari ya damu haraka, insulini inatoka nyingi, na kwa baadhi ya watu sukari inashuka chini ya ilipoanzia ndani ya saa mbili hadi nne. Mlo mkubwa wenye mafuta mengi nao unaleta uzito wake, taratibu zaidi.

Jipime hivi: siku tatu kula mlo wako wa kawaida, siku tatu punguza wanga uwe robo ya sahani, robo nyingine protini, nusu mboga. Saa ileile, usingizi uleule wa usiku. Andika namba ya kusinzia kuanzia 0 hadi 10 saa mbili baada ya kula. Namba ikishuka kutoka 8 hadi 4, chakula kilikuwa na mkono. Ikibaki 8, kaangalie kitanda kwanza, jiko baadaye.

Mambo mawili ambayo hayakugharimu kitu: anza na mboga na protini, wanga umalizie. Vyakula ni vilevile, ila sukari inapanda polepole, kwa kuwa nyuzinyuzi, protini na mafuta vinachelewesha tumbo kumwaga chakula kwenye utumbo. Na tembea dakika 10 hadi 15 mara baada ya kula. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu hata bila kutegemea insulini nyingi. Ukisubiri saa nzima kwanza, kilele cha sukari kimeshapita.

#4 MuuguziWaZamu

Naomba niingilie kabla uzi haujaenda mbali. Uchovu si lazima uwe wa chakula. Anayechoka kwa zaidi ya wiki kadhaa ilhali analala vizuri, apime kwanza.

Hemoglobini: chini ya 13 g/dL kwa mwanaume na chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu wa damu. Lakini akiba ya madini chuma huisha kabla hemoglobini haijashuka, kwa hiyo ombeni na feritini, kipimo cha akiba hiyo. Chini ya 15 µg/L kwa mtu mzima asiye na maambukizi, akiba imekwisha. Ukiwa na homa au uvimbe wowote mwilini, feritini hupanda kwa uongo, hivyo jibu "la kawaida" siku hiyo halikuambii mengi.

Sukari ya asubuhi kabla ya kula: 7.0 mmol/L kwenda juu, ikirudiwa ikatoka vilevile, ni kisukari. Kiu, kukojoa mara kwa mara na kupungua uzito bila sababu havisubiri vipimo vya mwezi ujao.

Vitamini B12: wasiokula kabisa vyakula vya wanyama wanahitaji kidonge au vyakula vilivyoongezwa B12, hakuna mboga ya kuziba pengo hilo. Wanaomeza metformini (dawa ya kisukari) kwa miaka nao wapimwe. Tezi ya shingo pia, na anayekoroma huku pumzi ikikatika usiku ajue hapo hakuna mlo utakaomtibu.

Halafu dawa. Hapa sitanii:

Mwenye kisukari anayetumia insulini, gliklazidi au glibenklamidi akipunguza wanga bila dozi kuangaliwa upya, sukari inaweza kushuka chini ya 3.9. Jasho, mikono kutetemeka, kuchanganyikiwa. Anywe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15, arudie kama haijapanda. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu, huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

Anayetumia empagliflozini au dapagliflozini, nazo ni dawa za kisukari, asikate wanga kwa ukali. Damu inaweza kujaa asidi ya ketoni huku kipimo cha sukari kikisoma karibu na kawaida, na kwa sababu hiyo watu wanachelewa kushtuka.

Wa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: mboga za majani za kijani zina vitamini K. Hatukatazi. Tunataka kiasi kisichoyumba wiki hadi wiki. Ukila kidogo miezi sita halafu ghafla bakuli mbili kila siku, dawa inapungua nguvu.

Na ile "chumvi ya afya" iliyotengenezwa kwa potasiamu si ya mwenye figo mbovu wala anayemeza dawa za presha au moyo kama enalaprili, losartani au spironolaktoni, mpaka daktari wake aseme.

#5 BakuliLaMaharage

Asante Muuguzi. Sasa tuje jikoni, maana kila mtu anaambiwa "kula jamii ya kunde" na hakuna anayemwambia kwa nini yake hayaivi, au kwa nini jirani yake wa ofisini amehama meza.

Maharage makavu g 500. Osha, toa mawe, loweka kwenye maji lita 2 kwa saa 8 hadi 12. Tia chumvi kwenye maji ya kulowekea, vijiko viwili vya chai kwa kila lita. Najua mmefundishwa kwamba chumvi hukaza maharage. Kinachokaza ni asidi na madini ya kalisi. Sodiamu inachukua nafasi ya kalisi kwenye ganda na ganda linalainika, halipasuki ovyo. Maji hayo unamwaga na kusuuza, kwa hiyo chumvi inayobaki si nyingi. Kukiwa na joto, weka bakuli kwenye friji, la sivyo asubuhi utakuta povu na harufu ya kuchacha.

Maji mapya, yafunike kwa vidole viwili juu. Yachemke kwa nguvu, mapovu makubwa, kwa dakika 10 kamili bila kupungua. Ukifanya 30 ndiyo salama zaidi. Hili ni la lazima hasa kwa maharage mekundu: yana lektini, protini yenye sumu inayosababisha kutapika na kuharisha saa chache baada ya kula, na mbegu chache tu mbichi zinatosha kukuangusha. Moto mdogo hauivunji. Ndiyo maana chungu cha umeme cha kupika polepole ni hatari kwa maharage mekundu ambayo hayajachemshwa pembeni kwanza. Baada ya hapo punguza moto, saa moja hadi moja na nusu.

Nyanya na limau vinakuja mwisho, yakishalainika. Ukitia mapema utapika hadi kesho.

Hayaivi hata hivyo? Ama ni ya zamani sana (ganda limekosa mng'ao, yakilowekwa mengine yanabaki vilevile kama kokoto), ama maji yenu yana madini mengi. Robo kijiko cha chai ya soda ya kuokea kwa hizo g 500 inasaidia. Isizidi, yanakuwa na ladha ya sabuni na vitamini B1 inaharibika.

Ukimaliza una kama kilo 1.2 na kidogo, yaani vikombe saba. Gawa kwenye vyombo vidogo, viwili friji, vingine gandisha. Dengu hazitaki ibada yote hii: bila kulowekwa, dakika 20 hadi 30.

#6 Kijiko3

Suala la meza kuhamwa hujalimaliza.

#7 BakuliLaMaharage

Haya. Gesi inatokana na sukari za jamii ya rafinosi ambazo sisi hatuna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinafika utumbo mpana nzimanzima, bakteria wanafanya sherehe. Kumwaga maji ya kulowekea kunaondoa sehemu yake. Nyingine ni suala la dozi: wiki ya kwanza vijiko vitatu vya chakula kwa siku, ya pili nusu kikombe, ya tatu kikombe. Idadi ya bakteria inajipanga upya na ndani ya wiki chache wengi wanaona nafuu. Aliyekaa mwaka mzima bila kunde akala bakuli mbili Jumamosi, asilaumu maharage.

Kanuni hiyo ni ya nyuzinyuzi zote. Ongeza kama gramu 5 kwa wiki. Kwa kipimo: kikombe cha maharage 12 hadi 15, tufaha na ganda lake 4, g 100 za mboga za majani zilizopikwa 2 hadi 3, kipande cha mkate wa ngano nzima 2. Na maji yaende pamoja. Nyuzinyuzi bila maji ni kama kumwaga saruji kavu kwenye bomba. Choo kinafunga badala ya kufunguka, halafu mtu anaandika mtandaoni kwamba mboga zimemfungia choo.

#8 Chumvi_Kiasi

Sikubaliani na mleta uzi kwenye suala la asubuhi. Kuna watu wanafunga saa 16 na kula ndani ya saa 8, hawaonji kitu mpaka saa 6 mchana, na wako vizuri kabisa. Kifungua kinywa si amri.

#9 MzaniWaJikoni

Soma tena: niliandika "mlo wa kwanza wa siku", sikutaja saa. Anayefungua saa 6 mchana aweke protini saa 6 mchana.

Ila tuweke sawa jambo moja. Jumla ya kalori ikilinganishwa, kufunga kwa saa hakuonyeshi tofauti kubwa na kula kawaida. Wanaofaidika ni wale ambao dirisha fupi limewakatia vitafunio vya usiku, nao ni wengi, sikatai. Wanaoumia ni wale wanaofungua kwa mlo mmoja mkubwa wa wanga, halafu wanashindwa kufikisha protini kwa sababu milo imebaki miwili. Milo miwili maana yake gramu 30 hadi 35 kila mmoja. Ukiweza, sawa.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto wanaokua, waliowahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula na wenye dawa za sukari alizotaja Muuguzi, hawamo kwenye mjadala huu.

#10 Chumvi_Kiasi

Sawa, hilo la milo miwili nalipokea. Nami nitie neno kwenye ninachokifahamu zaidi, lebo.

Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kikubwa kwanza. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kugawa sukari kwa majina matatu ili kila moja lishuke chini ya orodha: sukari, sharubati ya glukosi, dekstrosi. Jumlisha kichwani. Linganisheni bidhaa kwa safu ya g 100, si kwa safu ya "kipimo kimoja", kwani kipimo anakipanga muuzaji mwenyewe, na biskuti mbili zinaweza kuitwa mlo. Palipoandikwa sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5: miligramu 400 za sodiamu ni gramu 1 ya chumvi. Kikomo cha siku ni gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na kinahesabu chumvi yote: ya mkate, ya mchuzi wa vipande vya supu, ya nyama za kopo. Ndiyo maana anayeficha kopo la chumvi mezani huku anamimina vipande viwili vya supu kwenye sufuria hajafanya kitu.

Sukari: chini ya asilimia 10 ya kalori, na ikiwezekana chini ya 5. Kwa anayekula kalori 2000 hiyo ni gramu 50 na gramu 25. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4; kilichofurika kinapita 6 kirahisi, pimeni muone. Kopo la soda la ml 330 lina kama gramu 35. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja, gramu 36, na mnywaji anaapa hali vitu vitamu.

Kushuka: nusu kijiko kwa wiki. Kutoka vitatu hadi kimoja ni wiki nne, na ulimi unafuata bila vita. Ukikata vyote siku moja, utaona chai yote ni dawa.

#11 Nusu_Sahani

Juisi ya matunda iliyokamuliwa nyumbani bila sukari je? Hiyo si ni tunda tu?

#12 Chumvi_Kiasi

Hapana. Sukari ya juisi inahesabiwa pamoja na ya mezani, hata kama ni ya tunda halisi. Glasi ya machungwa inameza machungwa matatu, na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Kula machungwa matatu kwa mkupuo uone kama hutasimama la pili. Tunda zima halimo kwenye kikomo hicho, lile kwa raha.

#13 MuuguziWaZamu

Chai na kahawa nazo ziguswe, kwa mambo mawili.

Kwanza madini chuma. Chuma cha maharage, dengu na mboga huingia mwilini kwa shida, na chai au kahawa inayonywewa pamoja na mlo inakizuia zaidi. Sogeza chai iwe saa moja baada ya kula. Kinyume chake, vitamini C inakifungulia njia: limau juu ya mboga, pilipili hoho mbichi, chungwa baada ya mlo. Vidonge vya chuma visimezwe na maziwa wala chai.

Pili ni saa. Nusu ya kafeini hubaki kwenye damu baada ya kama saa 5, ingawa watu wanatofautiana sana. Miligramu 200 za saa 8 mchana, 100 zipo saa 1 usiku, 50 saa 6 usiku. Unalala, ila usingizi mwepesi, kesho unahitaji kahawa zaidi. Mtu mzima asipite 400 kwa siku, mjamzito 200.

Kupunguza: robo ya kiasi kila baada ya siku mbili tatu. Kichwa cha kuacha ghafla huanza saa 12 hadi 24 baadaye, kinakuwa kikali siku ya pili, na kinaweza kukaa hadi siku tisa. Kwa hiyo kafeini isiguswe wiki ileile unayobadili kitu kingine. Mzani alishasema, narudia kwa sababu hakuna anayesikia.

#14 Nusu_Sahani

Nguvu ya haya yote ni maandalizi, maana saa 1 usiku mtu mwenye njaa hapiki dengu, anafungua pakiti. Na pakiti inalika haraka. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, wakiongozwa na Kevin Hall, waliwaweka watu 20 ndani, wiki mbili kwa vyakula vya viwandani na wiki mbili kwa vyakula visivyosindikwa sana. Vilivyoandaliwa vililingana kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula apendavyo. Kwenye vya viwandani walikula kama kalori 500 zaidi kwa siku. Kilo karibu moja juu, kisha kilo karibu moja chini walipokuwa kwenye vingine. Na walikula kwa kasi zaidi.

Kwa hiyo lengo ni chakula kizuri kiwe karibu kuliko pakiti. Vitu vitatu kwenye friji siku zote: kunde zilizopikwa, mayai ya kuchemsha (yasiyomenywa yanakaa wiki), mboga zilizokatwa. Ukiwa navyo, mlo unachukua dakika 10.

Tahadhari ya kiporo cha wali. Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake zinahimili kuchemka. Wali ukikaa mezani tangu mchana hadi usiku zinachipua na kutoa sumu, na sumu hiyo moto wa kupasha hauiondoi. Tandaza wali kwenye chombo kipana upoe haraka, friji ndani ya saa moja, ule ndani ya siku moja, upashwe mara moja tu mpaka utoe mvuke. Viporo vingine: friji ndani ya saa mbili, siku tatu hadi nne. Faida ya wali na viazi vilivyopoa ni kwamba sehemu ya wanga inakuwa ngumu kumeng'enywa na kufanya kazi kama nyuzinyuzi. Kiasi chenyewe ni kidogo, usijipongeze kwa sahani ya pili.

Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe. Kijiko cha chakula ni kalori 120. Mkono unaomimina kutoka chupani hufika vijiko vinne bila kujua, 480. Lakini usiyaondoe kabisa, vitamini A, D, E na K zinahitaji mafuta ili ziingie. Kijiko kimoja kwenye mboga za watu wawili kinatosha.

#15 Kijiko3

Na wale wanaofanya yote haya wiki tatu kisha wanapotea? Wanakosea wapi?

#16 MzaniWaJikoni

Mara nyingi walihitaji muda zaidi, wao wakadhani wameshindwa. Ile namba ya siku 21 haina mashiko. Watafiti wa University College London walifuatilia watu 96 wakijijengea tabia moja ndogo kila siku. Ilichukua wastani wa kati wa siku 66 mpaka tabia ijiendeshe, na watu walitofautiana kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kuruka na kisha kuacha, hilo ni suala lingine.

Lifunge jambo jipya kwenye jambo ambalo tayari linatokea. "Nitakula mboga zaidi" halina saa wala mahali. "Nikishaweka sufuria ya wali motoni, nakata mboga" lina vyote. Kwa wageni na sherehe amua kitu kimoja tu mapema, mfano kinywaji kitakuwa maji, mengine yaache.

Kosa la pili ni kula kidogo mno. Mtu anaongeza mboga, zinamshibisha, anasahau kwamba bakuli kubwa la mboga lina kalori kidogo sana. Dalili zake ni baridi mikononi, hasira za bure, usingizi unaokatika alfajiri na mazoezi yanayokuwa mazito. Kwa wanawake hedhi inaweza kuruka. Anayetaka kupunguza uzito asikate zaidi ya kalori 500 kwa siku, na asiye na uzito wa kupunguza asikate kitu: arudishe wanga, ila wa nafaka zisizokobolewa.

La tatu ni kupima kitu kisicho sahihi. Kama lengo lilikuwa nguvu, mzani wa bafuni hautakuambia. Andika namba tatu kila jioni: kusinzia saa mbili baada ya mlo mkuu, njaa kabla ya mlo wa mchana, saa ulizolala. Sekunde 20. Angalia wastani wa wiki, siku moja moja zinadanganya.

#17 Nusu_Sahani

Mzani wa jikoni ni lazima? Wengi wataishia hapo.

#18 MzaniWaJikoni

Wiki moja tu, licha ya jina langu. Pima wali uliopikwa g 150 uweke kwenye bakuli lako la kila siku, tazama umefika wapi, weka alama ya kichwani. Fanya hivyo kwa maharage g 175 na karanga g 30. Baada ya hapo bakuli ndilo kipimo chako na mzani unaweza kurudi kabatini. Ukinunua bakuli jipya, pima upya.

#19 BakuliLaMaharage

Na karanga zipimwe kabla ya kuanza kuzila. Zilizobaki kwenye mfuko zirudi kabatini pamoja na huo mzani.